Vidonda vya tumbo: tumeisingizia pilipili

  Leo nataka tuzungumzie maradhi ambayo karibu kila nyumba inayajua, yenye majina mengi na waganga wengi wasiosomea. Wengine huyaita gesi, wengine chango, na wako wanaodai kuwa ni zongo, yaani jicho la husuda la mtu aliyemtazama mwenzake akila. Ukifika hospitali utaambiwa jina jengine: vidonda vya tumbo.

Kaa kwenye baraza yoyote ya Mji Mkongwe, iwe Jaws Corner, iwe Malindi, kisha mtu mmoja ashike tumbo na kukunja uso. Kabla ya kikombe cha kahawa kumalizika atakuwa ameshapewa sababu na dawa. Sababu aghalabu ni mbili tu: pilipili na mawazo. Dawa ni maziwa, habasoda, shubiri, na vidonge vyeupe vya kutafuna. Ataambiwa aache urojo, aache achari, aache kahawa, na juu ya yote aache kufikiri sana. Akipata nafuu siku mbili na maumivu yakarudi siku ya tatu, hukumu hutolewa palepale: vidonda vya tumbo havina dawa, ni maradhi ya kuzikwa nayo.

Ni hukumu hiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti leo, kwa sababu si ya kweli. Kwa watu walio wengi vidonda vya tumbo vinapona, na vinapona moja kwa moja. Lakini shurti kwanza tumjue anayevisababisha. Tukimkamata asiyehusika, mwenye kosa ataendelea kutumaliza polepole huku sisi tunakula mchuzi usio na ladha.

Tuanze na tumbo lenyewe. Chakula tunachokula hushukia kwenye mfuko ulio chini kidogo ya chembe ya moyo. Ndani ya mfuko huo hutengenezwa asidi kali, ambayo kazi yake ni kusaidia kusaga chakula na kuua vijidudu vingi tunavyovimeza bila kujua. Sasa jiulize, ndugu msikilizaji: ikiwa asidi ile inaiyeyusha nyama tuliyoila, kwa nini isiliyeyushe tumbo, nalo ni nyama?

Jawabu ni kwamba ukuta wa tumbo umepakwa ute mzito kwa ndani. Mfano wake ni jahazi linavyopakwa shahamu na chokaa kwa chini, lisiliwe na wadudu wa baharini. Maadamu mpako upo, jahazi linasafiri. Mpako ukitoka mahali pamoja tu, ubao huanza kuliwa hapo. Na tumbo ni hivyo hivyo. Ute unapopungua au kuharibika, asidi huufikia ukuta na kuuchimba. Shimo hilo dogo ndilo kidonda. Linaweza kuwa kwenye mfuko wa tumbo wenyewe, au mbele yake kidogo, pale utumbo mwembamba unapoanzia.

Kwa hiyo suali la haki si kwamba nani ameileta asidi. Asidi ipo kwa kila mtu, na tunaihitaji. Suali ni hili: nani ameuharibu ute? Watuhumiwa wakubwa ni wawili, na pilipili hayumo.

Mtuhumiwa wa kwanza ni bakteria. Tusidhani kuwa mabaraza yetu peke yake ndiyo yaliyoilaumu pilipili na mawazo. Kwa miaka mingi madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani waliamini kuwa vidonda vya tumbo vinatokana na wahaka, chakula na asidi nyingi. Katika miaka ya 1970 ilitoka dawa iitwayo simetidini, inayopunguza asidi. Watu walipata nafuu kubwa. Lakini mgonjwa alipoacha dawa, baada ya muda kidonda mara nyingi kilirudi, akaanza tena. Wengine walipasuliwa na kukatwa sehemu ya tumbo.

Mwaka 1979, katika mji wa Perth huko Australia, daktari mmoja aitwaye Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vipande vya nyama za wagonjwa kwa hadubini, aliona vijidudu vilivyojipinda juu ya ukuta wa tumbo. Wenzake hawakumtilia maanani, kwa sababu ilikuwa ikifundishwa kuwa hakuna kijidudu kinachoweza kuishi ndani ya asidi ile. Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Wakajaribu kuviotesha maabara, mara nyingi vikakataa. Hadi sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982, ambapo sahani za maabara ziliachwa siku nyingi kuliko kawaida, na watu waliporudi kazini wakakuta bakteria wameota.

Bado watu wengi hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall aliamua kujifanya yeye mwenyewe ndiye kipimo: alikunywa maji yaliyojaa bakteria hao. Siku chache baadaye akaanza kichefuchefu na kutapika, na tumbo lake lilipochunguzwa likakutwa limewaka na bakteria wametanda. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Bakteria mwenyewe anaitwa Helicobacter pylori, na kwenye karatasi za maabara utakuta ameandikwa kwa kifupi, H. pylori.

Na anaishije ndani ya asidi? Hujichimbia ndani ya ule ute, na huko hutengeneza amonia inayoizimua asidi iliyomzunguka, mithili ya mtu aliyejijengea kibanda mvuani. Akishatulia, huuwasha ukuta wa tumbo mwaka baada ya mwaka.

Bakteria huyu amewaenea takriban nusu ya watu duniani, na katika nchi zetu za Afrika wengi humpata wakiwa watoto wadogo. Njia zake ni mdomo kwa mdomo na choo kwa mdomo: mate, matapishi, mikono isiyooshwa, maji yasiyo salama. Ndiyo maana mara nyingi utawakuta watu wa nyumba moja wote wanaye. Lakini, naomba tuelewane hapa, kuwa naye si lazima kuugua. Wengi huishi naye mpaka mwisho wa umri wao bila kupata kidonda. Ni sehemu ndogo tu yao wanaopata. Hata hivyo si wa kudharauliwa. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimtaja kuwa ni miongoni mwa vinavyosababisha saratani ya tumbo.

Huyo ndiye wa kwanza. Mtuhumiwa wa pili hatumpati kwa bahati mbaya. Tunamnunua dukani kwa fedha zetu, tena tukimshukuru. Ni dawa za maumivu.

Sizungumzii dawa zote za maumivu. Nazungumzia zile za ukoo wa aspirini: diklofenaki, ibuprofeni, na ndugu zao. Dawa hizi huzuia kemikali fulani za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe. Lakini kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazoliamrisha tumbo litoe ute wake wa kujikinga. Dawa inapozizuia kwenye goti lisiume, inazizuia na tumboni pia. Goti linatulia, na mpako wa tumbo unaanza kubanduka.

Na wako wanaojidanganya wakasema: mimi simezi, mimi napiga sindano. Haisaidii. Dawa ikishaingia kwenye damu, hufika kila pahala, na tumbo ni mojawapo. Iwe sindano, iwe kidonge cha kuweka kwa nyuma, hatari ni ileile.

Hapa nataka nikuchukueni mpaka Paje, kwa sababu huko nilimwona mtuhumiwa huyu akifanya kazi yake mchana kweupe.

Paje, kwa wasioijua, ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kilomita 50 hivi kutoka mjini. Siku hizi wengi wanakijua kwa mahoteli na wageni wanaoteleza juu ya maji kwa matiara. Lakini kabla ya hayo, Paje na jirani yake Jambiani ndipo ulipoanzia ukulima wa mwani wa kuuza, mwaka 1989, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilishikwa na wanawake. Mwani haulimwi kwa saa ya mtu, unalimwa kwa saa ya bahari. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana asubuhi, mwanamke hutoka nyumbani mapema, mara nyingi na chai tupu tumboni. Huinama kwa muda mrefu akifunga mwani kwenye kamba, maji yakimfika magotini na jua likimpiga mgongoni. Wakati wa kuvuna hubeba magunia ya mwani mbichi unaochuruzika maji. Utafiti juu ya wakulima wa mwani wanawake wa Zanzibar, uliochapishwa mwaka 2012, uliyataja maumivu ya misuli na viungo, uchovu na njaa kuwa ni miongoni mwa malalamiko yao.

Nilikutana na bi mkubwa mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha mnazi, akiwasubiri wenzake.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za pwani?"

"Za pwani ndizo hizi, maji hayamsubiri mtu."

Tukazungumza habari za bei ya mwani, tukazungumza habari za joto la bahari, halafu nikamwona anajishika chini ya chembe ya moyo. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia tumbo linamuwaka, hasa usiku wa manane na asubuhi kabla hajala. Kisha akafungua fundo la kanga yake ili anionyeshe dawa zake. Ndani mlikuwa na vidonge vya aina mbili, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la skuli.

"Hivi viwili ni vya mgongo," akasema. "Nakunywa asubuhi kabla sijaingia majini. Na hivi vyeupe ni vya tumbo, natafuna jioni."

"Vya mgongo amekuandikia nani?"

"Nani wa kuniandikia? Vipo dukani."

"Unatumia tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mwanangu. Nisipokunywa siinami."

Vidonge vya mgongo vilikuwa diklofenaki. Maradhi na dawa ya maradhi vilikuwa ndani ya fundo moja: asubuhi anakunywa kinachouchimba ukuta wa tumbo, tena juu ya tumbo tupu, na jioni anatafuna kinachotuliza mwako kwa saa mbili tatu. Pilipili alikuwa ameshaiacha kwa kuambiwa na majirani. Na mawazo?

"Mawazo nitamwachia nani?" akanijibu. "Wajukuu wako skuli, mwani bei imeshuka. Waniambie basi nimwachie nani."

Nilimsihi aende hospitali, tena aende na fundo lake vilevile lilivyo, alifungue mbele ya daktari. Alikwenda. Akaambiwa aache vidonge vile vya mgongo, choo chake kikapimwa, akakutwa na bakteria vilevile. Kwa hiyo alikuwa na watuhumiwa wote wawili, na hao wakikutana kwenye tumbo moja hatari huzidi maradufu. Akapewa dawa za siku 14. Nilipopata habari zake baadaye, tumbo lilikuwa limetulia. Mgongo ulikuwa bado unauma, nisikuficheni. Amepunguza mzigo anaobeba, na siku ikizidi anatumia parasetamoli kwa kipimo alichoelezwa, maana parasetamoli haina madhara hayo kwa tumbo, ingawa nayo ikizidishwa huharibu ini.

Sisi wa mjini tusimcheke. Wachukuzi wa bandarini wanafanya hivyo hivyo, na mafundi waashi, na madereva wa masafa marefu, na wazee wenye magoti mabovu, na wasichana wenye maumivu ya mwezi. Wengi wanatumia dawa mbili za ukoo mmoja zenye majina tafauti bila kujua, moja kutoka kwa daktari na nyengine kutoka dukani. Na wazee ndio wenye khatari zaidi, kwa sababu kidonda cha dawa mara nyingi hakiumi. Kidonge kilekile kinachokichimba ndicho kinachoyaficha maumivu yake. Dalili ya kwanza huwa ni damu.

Nitoe tahadhari moja hapa. Wako watu waliopewa na daktari aspirini ya kipimo kidogo kwa ajili ya moyo au kiharusi. Hao wasiache kwa kunisikia mimi. Warudi kwa daktari, wamweleze habari ya tumbo, yeye ndiye atakayepima lipi zito.

Sasa tuwatendee haki walioshitakiwa bure. Pilipili na ndimu havitengenezi kidonda. Kwa mtu ambaye tumbo lake limeshachubuka vinaweza kumuwasha, na akiona vinamuwasha avipunguze, basi. Mawazo nayo huongeza maumivu, hukosesha usingizi, humfanya mtu avute sigara zaidi na kula ovyo. Lakini ukimwambia mgonjwa aache mawazo, umempa dawa isiyouzwa popote, na bakteria wake umemwacha pale pale. Maziwa ndiyo yanayotudanganya zaidi. Ukinywa unasikia baridi na raha, lakini baada ya muda maziwa yenyewe huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Si haramu kunywa maziwa. Ila si tiba. Sigara ndiyo mbaya kweli: huchelewesha kidonda kupona. Na pombe huuchubua ukuta wa tumbo.

Dalili ni zipi? Iliyo kubwa ni maumivu au mwako chini ya chembe ya moyo. Mwenye kidonda cha utumbo mwembamba aghalabu huumwa akiwa na njaa na usiku, na akila hupata nafuu. Mwenye kidonda cha mfuko wa tumbo huweza kuumia zaidi anapokula. Huja pamoja na kucheua, tumbo kujaa, kichefuchefu, au kushiba kwa matonge mawili. Lakini si kila tumbo linalowaka lina kidonda. Kiungulia kinachopanda kifuani ni jambo jengine, mawe ya nyongo ni jambo jengine, na maumivu ya moyo wenyewe wakati mwengine hujifanya tumbo, hasa kwa mtu mzima anayetokwa na jasho na kukosa pumzi. Ndiyo maana kujipima kwa kusikiliza baraza hakufai.

Ziko dalili ambazo hazingojei kesho. Kutapika damu, au kutapika kitu mfano wa machicha ya kahawa. Kwenda choo cheusi, kinachonata kama lami na chenye harufu kali. Tafauti na mama mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hutia choo weusi. Kuanguka kwa kizunguzungu na kupauka. Na maumivu makali ya ghafla, kama mtu aliyechomwa kisu, tumbo likakakamaa kama ubao. Hapo kidonda kimetoboka, na asidi na chakula vinamwagikia ndani ya tumbo. Mtu huyo hapewi maziwa wala maji ya tangawizi, wala hasubiri gari la asubuhi. Anapelekwa hospitali usiku huohuo, kwa sababu kinachomwokoa ni upasuaji.

Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa 84 waliopasuliwa hapo kwa sababu ya vidonda vilivyotoboka. Wengi wao walikuwa vijana. Wengi hawakuwahi hata siku moja kutibiwa vidonda vya tumbo. Wengi walichelewa kufika kwa siku kadhaa. Na takriban mmoja katika kila kumi alifariki. Ndugu zangu, hawa walikuwa vijana wenye nguvu zao, ambao pengine waliambiwa kuwa ni gesi tu, itapita.

Mbali na hizo za dharura, zipo dalili za kumuona daktari bila kuchelewa: kukonda bila sababu, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika kila mara, au mtu wa makamo ambaye hajapata kuumwa tumbo na sasa limemuanza. Huyo hufaa aandikiwe kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni, daktari akaona kwa macho. Watu hukiogopa, lakini si upasuaji, na hukaa muda mfupi tu. Kwa kipimo hicho huweza pia kukatwa kipande kidogo cha nyama kuchunguzwa kama kuna saratani.

Kwa wengine, bakteria hutafutwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Kipo pia kipimo cha damu, ambacho ni rahisi na kimeenea, lakini lazima tujue upungufu wake. Hicho hutafuta kingamwili, yaani alama ya askari wa mwili waliowahi kupigana na bakteria. Askari hao hubaki hata baada ya adui kuuawa. Kwa hiyo mtu aliyepona huweza kupimwa damu, akaambiwa bado anaye, akapewa dawa upya, tena na tena. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua choo au pumzi. Na umwambie daktari kama unatumia omeprazoli, kwa sababu dawa hiyo inapaswa kusimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, na dawa za kuua bakteria wiki nne kabla. Ama sivyo bakteria hujificha na jibu likawa la uongo.

Matibabu yenyewe ni ya pamoja: dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na dawa mbili au zaidi za kuua bakteria, kama vile amoksisilini, klarithromaisini au metronidazoli. Daktari ndiye anayechagua zipi, na umwambie mapema kama penisilini inakudhuru. Mara nyingi ni siku 14. Vidonge ni vingi, mdomo unakuwa mchungu, tumbo linaweza kuharisha kidogo. Siku ya tano maumivu yameondoka, na hapo ndipo shetani anapokuja: mtu huweka zilizobaki kabatini, au humgaia shemeji yake ambaye naye analalamika tumbo. Shemeji hakutibiwa, na mwenyewe hakumaliza. Bakteria waliobaki ni wale wenye nguvu, walioizoea dawa, na safari ya pili dawa ile huenda isiwafae. Dozi ya vidonda vya tumbo haigawanywi kama halua. Na wiki nne au zaidi baada ya kumaliza, rudi upimwe tena, ujue kwa hakika kuwa wameondoka.

Wale ambao kidonda chao kimeletwa na dawa za maumivu, tiba yao ni kuziacha na kutumia dawa ya kupunguza asidi kwa wiki kadhaa. Akiwa hana budi kuendelea nazo, daktari humpa dawa ya kulikinda tumbo kwa wakati wote anaozitumia. Na habasoda, shubiri na asali? Sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni pale vinapomchelewesha mtu miaka miwili kufika kwenye kipimo.

Nakaribia kumaliza, lakini siwezi kuyaacha maradhi haya bila ya kugusa mwezi wa Ramadhani, maana kila mwaka suali ni lilelile: mwenye vidonda afunge? Kama kidonda kiko wazi, kinauma au kimewahi kutoa damu karibuni, dini imempa mgonjwa ruhusa, na aitumie baada ya kushauriana na daktari wake. Aliyekwishapona wengi wao hufunga salama. Hata dawa nyingi za maradhi haya hunywewa mara mbili kwa siku, na daktari akiambiwa mapema anaweza kuzipanga wakati wa futari na wakati wa daku. Lililo bora kuliko yote ni kutibiwa miezi kabla, si kungoja mwezi uandame ndipo mtu akimbilie hospitali.

Na nyumbani, kinga ni yale yale tuliyoyazowea kwa kipindupindu: choo kizuri, mikono kuoshwa kwa sabuni, maji safi, na watoto wasile kilichotoka mdomoni mwa mtu mwengine.

Kabla hujalala leo, msikilizaji, angalia kwenye kabati, kwenye mkoba, chini ya mto wa mzee wako. Tazama ni vidonge gani vya maumivu anavyotumia, vingapi, na tangu lini. Muulize, kwa adabu yake, choo chake kina rangi gani. Ni suali la aibu kidogo, lakini waliotutangulia walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Majibu yakikutia shaka, kesho asubuhi mpeleke hospitali pamoja na vidonge vyake vyote.